Je, wajua kwa nini kifaa cha kusaidia kusikia hakidumu kama redio?

Wataalamu wa usikivu hukadiria kwamba kifaa cha kusaidia kusikia hufanya kazi vizuri kwa miaka mitatu hadi saba, na wengi hutaja mitano. Aliyejinyima mpaka akakinunua hushtuka akisikia hesabu hiyo. Redio ya babu ilikaa sebuleni miaka ishirini, iweje kidude hiki cha bei kubwa kisifike hata kumi?

Redio ilikaa kabatini, pakavu. Kifaa hiki kinaishi juu ya ngozi inayotoa jasho, au ndani kabisa ya tundu la sikio penye joto, unyevu na nta. Tena hakipumziki: ukikivaa saa 12 kwa siku, mwaka mmoja ni zaidi ya saa 4,000, na miaka mitano inapita saa 20,000. Ndani yake mna maikrofoni inayonasa sauti, chipu inayoichuja na kuikuza, na spika ndogo inayoipeleka sikioni. Maikrofoni na spika haziwezi kuzibwa kabisa, kwa kuwa sauti inahitaji pa kupitia. Na panapopita sauti hupita pia mvuke na vumbi. Ndiyo maana vile vinavyokaa nyuma ya sikio kwa kawaida hudumu kuliko vinavyoingia ndani, ambavyo mitambo yake yote iko jirani na nta.

Dar es Salaam inaongeza kazi. Hewa ya pwani ina unyevu karibu mwaka mzima, na masika ya Machi hadi Mei hata nguo kabatini hunuka ukungu. Anayepanda daladala ya kubanana asubuhi kutoka Mbagala amelowa jasho nyuma ya masikio kabla hajafika Kariakoo. Jasho lina chumvi, na likifika kwenye vyuma vya sehemu ya betri, kutu inaanza. Dalili yake ya mapema watu wengi huipuuza: sauti inakatikakatika mchana, halafu kesho yake asubuhi iko sawa, kwa sababu kifaa kimekauka usiku. Hapo bado kinaokoleka. Kila jioni kifute kwa kitambaa kikavu, toa betri, acha kimlango chake wazi, kisha kiweke kwenye kopo lenye kifuniko pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo. Usikianike juani wala usikipulizie mashine ya kukaushia nywele, maana joto kali huharibu kwa njia nyingine.

Betri nazo zina tabia yake. Zile ndogo za duara hutumia zinki na hewa: ukibandua kibandiko, hewa huingia kwenye vitundu na betri inaamka, hivyo iache dakika moja hivi kabla ya kuiweka. Ukiirudishia kibandiko, hailali tena. Rangi ya kibandiko ndiyo saizi: njano ni 10, kahawia 312, chungwa 13, bluu 675. Ndogo huisha kwa siku chache, kubwa hufika wiki mbili au zaidi. Vifaa vya kuchaji vina betri ya lithiamu, ambayo baada ya miaka minne au mitano huanza kushindwa kumaliza siku. Kwa aina nyingi hubadilishwa betri hiyo tu, si kifaa kizima.

Hili ndilo ninalotaka lisikike zaidi: kifaa kikinyamaza, usiseme kimekufa. Mara nyingi kilichoziba ni kichujio cha nta, au mrija wa plastiki umekakamaa na kugeuka njano (huo hubadilishwa kila miezi mitatu hadi sita), au nta imejaa ndani ya sikio lenyewe. Inaumiza kuona mzee ameacha kuzungumza na wajukuu kwa sababu ya mrija. Mpelekeni kliniki ya masikio, pua na koo, Muhimbili au kwingine, sikio na kifaa vikaguliwe pamoja.

Wakati wa kubadilisha kweli ni pale usikivu wenyewe umeshuka kupita uwezo wa kifaa, hata kikiwa kizima na kikarekebishwa upya. Ndiyo sababu kipimo cha kila mwaka kina maana. Sababu nyingine ni vipuri: kiwanda kikishaacha kutengeneza aina fulani, baada ya miaka kadhaa vipuri vyake hukosekana, na matengenezo ya mara kwa mara hula fedha ambazo zingenunua kipya. Kutoka kwa toleo jipya tu, kwa maoni yangu, si sababu.

Kwa mtoto mambo ni tofauti. Sikio lake linakua, kwa hiyo kile kipande kilichofinyangwa kwa umbo la sikio hulegea na kifaa kinaanza kupiga mluzi. Kwa mtoto mchanga hubadilishwa kila baada ya miezi michache, na kifaa chenyewe kinabaki kilekile.

Ukipata kipya, cha zamani kitunze kama akiba, bila betri ndani ili isivujie. Usimpe tu shangazi ajaribu: kimepangwa kwa kipimo cha masikio yako, na sauti iliyozidi mahitaji yake inaweza kudhuru usikivu aliobaki nao. Kwanza apimwe, kisha mtaalamu akipange upya kwa ajili yake.