Je, wajua? Marekani unaweza kukaa bila kazi na usihesabiwe kuwa huna kazi

Mi miaka mingi nilijua ile asilimia ya wasio na ajira Marekani inapatikana kwa kuhesabu watu wanaopokea hela ya serikali ya waliopoteza kazi, na nimeshabishana na mtu hadi sauti ikakauka. Kumbe wapi. Hela ile ina takwimu zake za kila wiki, hazipangi hii asilimia, maana kuna mtu malipo yake yameshaisha na bado anasaka kazi, kuna aliyemaliza chuo juzi hajawahi kupata hata senti, na wote hao wamo kwenye asilimia.

Inatoka kwenye kuuliza watu. Kila mwezi ofisi ya sensa inahoji kaya kama 60,000, mlangoni au kwa simu, kuhusu wiki moja tu, kawaida ile yenye tarehe 12. Ulifanya kazi ya kulipwa hata saa 1? We una kazi. Hukufanya? Haya, umetafuta ndani ya wiki 4 zilizopita? Na kusoma matangazo ya kazi tu hakuhesabiki, uwe umetuma maombi, umempigia mtu simu, kitu kama hicho. Kama hujatafuta, basi huhesabiwi kabisa, isipokuwa kama umesimamishwa kwa muda na unasubiri kuitwa.

Chukulia kituo cha basi. Watu 90 wamepata siti, 10 wamesimama kwenye foleni, hao 10 ni asilimia 10. Wanne wamechoka wakarudi home: sasa ni 6 kati ya 96, asilimia 6 na kidogo, namba imependeza na hakuna hata mmoja aliyepata siti! Sasa geuza, zikaongezwa siti 2, habari zikaenea, watu wakarudi kituoni, waliokaa 92 na foleni 12. Siti zimeongezeka na asilimia imepanda hadi 11 na nusu.

Ndo maana ofisi ya takwimu za kazi, inayotangaza hii asilimia, inatoa pia kipimo kipana, kinachoingiza baadhi ya waliokata tamaa na wenye vibarua vya nusu siku wanaotaka kazi ya siku nzima.

Ila ni majibu ya watu, na majibu huandikwa vibaya. Aprili 2020, korona imefunga kila kitu, ilitoka karibu asilimia 15, na wenyewe wakakiri kuna waliosimamishwa kazi wakaandikwa kama wana kazi ila hawakwenda tu, bila kosa hilo ingeweza kuwa karibu 20. Namba hawakuigusa, wana sheria yao: jibu linabaki kama lilivyoandikwa.