Dhiki ya mama mjamzito na pumu ya mtoto

Mtoto akianza kubanwa na kifua au kutoka ukurutu mashavuni, maswali yote humwendea mama: kala nini, kamwogesha saa ngapi. Sisi tunaotibu watoto tungependa waume, mavyaa na mawifi wajiulize jingine: mimba ile aliibeba katika hali gani?

Dhiki ya muda mrefu huufanya mwili utoe kwa wingi homoni iitwayo kotisoli. Kondo la nyuma huivunja sehemu kubwa ya homoni hiyo kabla haijamfikia mtoto, lakini dhiki isipokwisha ulinzi huo huweza kudhoofika. Wakati huo kinga ya mtoto ndiyo kwanza inajengeka, na huenda ikaelekea kupambana na visivyo na madhara, kama vumbi au manyoya ya paka.

Januari 1998, mvua ya barafu ilikata umeme Quebec, Kanada, kwa baadhi ya kaya wiki kadhaa. Watafiti waliwafuatilia wanawake waliokuwa wajawazito, na wakaona pumu zaidi kwa mabinti ambao mama zao walifadhaika mno. Kwa wavulana haikuonekana hivyo.

Basi dhiki si sababu pekee. Kuna kurithi, moshi wa kuni na makumbi, sigara, ukungu wa kuta wakati wa masika. Kumwambia mama kwamba mawazo yake ndiyo yaliyomuuguza mwanawe ni kumdhulumu, tena ni kumzidishia dhiki ile ile.

Angalia Pemba msimu wa karafuu. Mjamzito anapika, anateka maji, halafu anakaa kuchambua karafuu hadi usiku mwingi, akiwaza deni la duka. Jamaa humjia kwa wingi ndani ya arubaini, na ni jambo jema sana. Lakini miezi tisa ya kabla alikuwa peke yake. Mwacheni alale. Mwengine achambue.

Akikosa usingizi, akilia mara kwa mara au kukata tamaa kwa wiki mbili, amwambie muuguzi siku ya kliniki, au aende kabla ya siku hiyo. Hiyo pia ni afya ya mimba.

Mtoto mwenye pumu aendelee na dawa yake ya kuvuta kama alivyoandikiwa, wala asifukizwe. Mbavu zikibonyea akivuta pumzi, midomo ikibadilika rangi, au akishindwa kunyonya, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.