Kina, kilindi, maji marefu: maana za neno "deep"

Tanga mjini kuna soko la samaki liitwalo Deep Sea. Wengi tunalitamka Dipsii, kana kwamba ni neno la hapa hapa. Mtu husema "nashuka Dipsii mara moja," akarudi na changu wawili na fungu la dagaa, na jina lenyewe halimshughulishi.

Mwanafunzi mmoja ndiye aliyenishughulisha. "Mwalimu, Deep Sea kwa Kiswahili ni nini?" Nikamjibu upesi kwamba ni bahari yenye kina. Jibu lile halikunitulia. Asubuhi nikateremka sokoni, nikamkuta mzee mmoja ameketi kivulini anashona jarife.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamuuliza wao huita nini pale maji yanapokwenda chini sana.

"Kilindi," akasema. "Kina kila mahali kipo, hata hapa ulipokanyaga wewe. Kilindi kina mahali pake."

Kwa sentensi mbili alikuwa ameshanisahihisha. Kina ni kipimo: maji ya kukufika kifundoni yana kina, na bahari ya mita elfu ina kina. Kilindi ni mahali penyewe, pale chini panapoachana na wewe. Neno la Kiingereza "deep" huweza kuwa sifa na huweza kuwa jina la mahali. Kipimo wamekipa umbo lake jingine. Ndiyo maana sehemu ya chini kuliko zote duniani, iliyoko Bahari ya Pasifiki kiasi cha mita 10,900 kwenda chini, huitwa Challenger Deep, kwa jina la meli ya Uingereza iliyopima maji ya eneo hilo mwaka 1875. Ukiandika "Kina cha Challenger" msomaji atasubiri umtajie namba. Pale panatakiwa "Kilindi cha Challenger". (Wilaya yetu ya Kilindi ni jambo jingine. Iko bara, na jina lake linatukumbusha Wakilindi waliotawala Usambaa.)

Na sifa je? Hapa ndipo wafasiri wengi wanapokwama, kwa sababu Kiswahili hakina kivumishi maalumu cha jambo hili. Tunatumia -refu. Mnazi mrefu, safari ndefu, kisima kirefu, maji marefu. Mwingereza huligawa jambo hili mafungu matatu: la kwenda juu, la kwenda mbali na la kwenda chini. Sisi tumeona ni urefu ule ule, uelekeo tu ndio unaobadilika. Sioni upungufu wowote hapo. Mtu akisema "usimwachie mtoto, yale maji marefu," hakuna mtu wa pwani atakayedhani anasemea maji yaliyotandaa kwenda mbali.

Kipimo cha zamani cha maji kilikuwa pima. Nyoosha mikono yako yote miwili, kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole: hiyo ni pima moja, sawa na mikono minne, kama mita 1.83. Mabaharia wa Kiingereza walikuwa na kipimo hicho hicho, nacho kilitokana na mikono iliyonyooshwa vile vile. Na kama sisi tunavyosema "nimempima yule mtu, nikamwona hafai," neno lao la pima nalo lilihama kutoka majini likaja kumaanisha kulielewa jambo. Watu wawili wa bahari mbalimbali, mikono ile ile, wazo lile lile. Jambo hili hunifurahisha kila nikilikumbuka.

Kamba ya bildi, ile ya kupimia maji, yenye kipande cha risasi mwishoni, inaonyesha maana ya "deep" ambayo wengi hawaijui. Kwenye merikebu za Kiingereza kamba hiyo ilitiwa alama za ngozi na vitambaa, lakini si kwenye kila pima. Pima ya 2, ya 3, ya 5, ya 7 na ya 10 zilikuwa na alama. Ya 4, ya 6, ya 8 na ya 9 ziliachwa tupu, mpimaji akazikadiria kwa kutazama alama za jirani. Akitangaza idadi yenye alama alitanguliza neno la alama. Akitangaza isiyo na alama alitanguliza "deep". Kwa hiyo pima 4 ilikuwa "deep" na pima 10 haikuwa. Neno halikuhusu urefu wa maji hata kidogo, lilihusu kamba. Mfasiri asiyelijua hilo atawazamisha mabaharia mahali ambapo meli ingekwama mchangani.

Tukirudi kwenye jina la soko, sheria nayo ina tafsiri yake. Uvuvi ambao Kiingereza huuita wa "deep sea", sisi huuita uvuvi wa bahari kuu, na Tanzania ina mamlaka yake ya kuusimamia. Kinachoangaliwa hapo ni umbali kutoka pwani: baada ya maili 12 za bahari ya eneo, hadi maili 200. Urefu wa maji hauulizwi. Sasa tazama bahari yetu. Mkondo wa Pemba una sehemu zinazofika mita 800 hivi kwenda chini, ilhali mkondo wa Unguja una maji mafupi sana, makumi ya mita tu. Mvuvi wa Tanga hahitaji kwenda mbali kukuta kilindi. Silikanti, samaki ambaye wataalamu walidhani ametoweka miaka zaidi ya milioni 65 iliyopita mpaka alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938, amenaswa na majarife ya wavuvi wa huku, yaliyotegwa maji marefu karibu na pwani. Hifadhi yake ya Tanga ilianzishwa mwaka 2009. Kwa hiyo silikanti ni wa kilindini lakini si wa bahari kuu. Kiingereza kinaweza kuyaweka yote mawili chini ya neno moja.

Bandarini mambo ni mepesi zaidi, maana huko kina ni namba tu. Kabla bandari ya Tanga haijachimbwa, meli kubwa zilitia nanga nje na mzigo ukaletwa gatini kwa matishari. Kina kilipoongezwa kutoka mita 3 hadi 13, meli zikaanza kufunga gatini. Na "yenye kina" ni kwa chombo gani? Maji ya kifuu ni bahari ya chungu.

Neno likitoka majini, Kiswahili huliacha mara moja neno la maji na kuchukua la mahali husika. Usingizi huwa mzito, au huwa wa pono, samaki anayelala fofofo usiku hadi aina nyingine hujifunika utando wa ute. Sauti ni nzito. Rangi imekoza. Usiku ni wa manane. Mazungumzo yamekolea. Madeni yamemfika shingoni. Pumzi ni ndefu, tumerudi kwenye -refu. Mwingereza kote humo huweza kusema "deep". Nimeshaona tafsiri zenye "sauti ya kina", "usingizi wa kina", hata "buluu ya kina", na kusema kweli zinaniumiza, kwa sababu maneno yenyewe tunayo na bibi zetu waliyatumia kila siku. "Kwa kina" ina kazi yake: kujadili kwa kina, kuchunguza kwa kina. Isibebeshwe kazi za wengine. Tena huku kwetu, watu wa mashairi, ukisema kina mtu huweza kukuuliza: cha kati au cha mwisho?

Siku hizi neno limeingia kwenye kompyuta, na hapo nataka nikae kidogo. Ile njia ya kufundisha mashine inayoitwa "kujifunza kwa kina" huwafanya watu wadhani mashine imesoma jambo ikalielewa hadi undani wake. Sivyo. "Deep" hapo ni idadi ya tabaka za hesabu ambazo taarifa hupita, moja ikipokea matokeo ya nyingine. Mtandao ulioshinda shindano maarufu la kutambua picha mwaka 2012 ulikuwa na tabaka 8. Ulioshinda mwaka 2015 ulikuwa na 152. Kina hicho huhesabiwa kama ghorofa. Ningeandika "kujifunza kwa tabaka nyingi", ingawa najua jina la kwanza limeshaenea. Zile video za kughushi sura na sauti za watu nazo zimepewa "deep" kwa sababu hiyo hiyo: zilitengenezwa kwa njia ile ya tabaka. Wanaodhani neno linamaanisha udanganyifu uliokwenda mbali wamekosea mlango.

Nilipokutana tena na yule mwanafunzi nilimwambia jibu langu la kwanza alifute.

"Sasa ni nini, Mwalimu?"

"Kilindini."

Akafikiri. "Kama bandari ya Mombasa?"

"Kama bandari ya Mombasa."