Mgandamizo mkubwa wa juu angani ni nini na unaletaje mvua?

Watu wengi wakisikia "mgandamizo mkubwa wa hewa" kwenye utabiri wanajua basi, jua tu, mvua hakuna. Kwa ule wa huku chini ni kweli, hewa inashuka, inapata joto, mawingu yanapotea. Ila kuna mwingine unaokaa juu kabisa, kilomita 12 mpaka 16 hivi, na huo kwenye nchi za joto mara nyingi unakaa palepale penye mvua kubwa, na hivi vitu viwili watu wanavichanganya sana.

Chukua India. Kuanzia mwezi wa 5 jua linachoma ardhi pamoja na uwanda wa Tibet, ambao wenyewe uko zaidi ya mita 4,000 juu ya bahari, yaani unapasha hewa ambayo tayari iko juu. Halafu mvua za monsuni, yaani zile zinazoletwa na upepo wa msimu kutoka baharini, zikianza, mvuke ukigeuka maji unaachia joto jingi mno, na hilo ndo joto kubwa kuliko yote. Hewa ikipata joto inatanuka kwenda juu, sasa ukipanda mpaka kilomita 12 unakuta juu yako bado kuna hewa nyingi kuliko sehemu za jirani kwenye kimo hichohicho, basi hapo mgandamizo ni mkubwa wakati huku chini ni mdogo, vyote kwa wakati mmoja.

Kazi yake ni kutoa hewa nje. Jiko la kuni kwenye chumba kisicho na dirisha linafukiza tu halafu linafifia, na mawingu ni hivyohivyo, hewa iliyopanda isipopata pa kutokea huko juu, ile ya chini haipandi tena. Ikitoka, nyingine inavutwa kutoka baharini, mawingu mapya yanajengeka, yanaachia joto, mgandamizo wa juu unazidi nguvu. Vinalishana.

Hewa inayotoka kwenye mgandamizo huo wa juu kuelekea kusini inageuzwa na mzunguko wa dunia, inakuwa upepo mkali wa kutoka mashariki unaopita juu ya India mpaka Afrika, kasi yake inapita kilomita 100 kwa saa. Nyingine inavuka ikweta na kushuka kusini mwa Bahari ya Hindi, maeneo ya visiwa vya Mascarene (Mauritius na Réunion), inaupa nguvu mgandamizo mkubwa wa chini wa huko, ambao ndo unasukuma kusi. Kwa hiyo kusi inayopiga Mombasa na Lamu mwezi wa 7 ni upande wa chini wa mzunguko huohuo, na mimi hapa ndo panaponifurahisha kuliko pote.

Ila vimbunga havifaidiki. Kimbunga kinataka upepo wa juu na wa chini usipishane sana, na katikati ya monsuni chini unatoka magharibi, juu unatoka mashariki, kinachanwa kabla hakijasimama. Ndo maana vimbunga vikali vya Bahari ya Arabu na Ghuba ya Bengal vinakuja zaidi mwezi wa 4 mpaka wa 6, kisha wa 10 mpaka wa 12.