Kapteni Eric Brown: nini kimo ndani ya kutua mara 2,407

Anayemkumbuka Kapteni Eric Brown wa Jeshi la Majini la Uingereza, aliyefariki tarehe 21 Februari 2016 akiwa na miaka 97, huanza na idadi ya ndege alizorusha: aina 487. Ni rekodi ya dunia, na imehesabiwa kwa ubahili, maana matoleo 14 ya Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza, na Seafire, ndugu yake wa melini, yaliingizwa kama aina moja tu. Lakini mimi naona uzito wa kazi yake umo kwenye hesabu nyingine: alitua mara 2,407 kwenye meli za kubebea ndege. Wanaoitaja husifu ujasiri. Nami nataka kueleza ufundi.

Sitaha inakimbia mbele huku ikipanda na kushuka na mawimbi. Ndege inazuiwa na kulabu ya mkiani, ambayo lazima inase mojawapo ya nyaya zilizokingamishwa sitahani. Kwenye Seafire kuna shida zaidi: injini ndefu imekaa mbele ya rubani, na pua ikiinuka kwa mwendo wa kutua, meli yote inafichika. Kwa hiyo unakuja kwa kona ya kushoto kutokea tezi, ukichungulia pembeni mwa pua hadi umwone afisa wa ishara mwenye vibao mikononi. Unanyoosha ndege mwishoni kabisa, kisha unakata gesi ukifika juu ya ukingo wa sitaha. Ukikata mapema, unagonga ukingo. Ukichelewa, ndege inaelea juu ya nyaya zote na kuishia kwenye kizuizi cha mbele. Na ukigusa sitaha kwa upande, miguu ya Seafire, ambayo haikuundwa kwa adhabu hiyo, inavunjika.

Tarehe 25 Machi 1944 Brown alitua na Mosquito kwenye meli Indefatigable. Hiyo ni ndege ya injini mbili, yenye mabawa ya mita 16.5 toka ncha hadi ncha. Nyaya zina kikomo cha uzito na kasi zinazoweza kustahimili, hivyo alilazimika kuja polepole kuliko mwendo wa kawaida wa kutua uwanjani, ndege ikining'inia kwa nguvu ya pangaboi zake. Hatari yake iko hapa: kwa mwendo mdogo namna ile, injini moja ikizimika, ile inayobaki inaipindua ndege, na usukani wa mkia haupati upepo wa kutosha kuizuia. Hakuna dawa ya hilo ukiwa karibu na maji. Kinga pekee ni mazoezi ya nchi kavu, na aliyafanya kwanza.

Kisha ikaja tarehe 3 Desemba 1945, alipotua na Sea Vampire kwenye meli Ocean, ndege ya kwanza inayotumia jeti pekee kutua melini. Kwenye injini ya pangaboi, ukiongeza gesi upepo unafika bawani papo hapo. Jeti za wakati ule zilichelewa: unasukuma gesi, unasubiri sekunde kadhaa ndipo nguvu ije, na sekunde hizo melini hakuna. Suluhisho lilikuwa kuipa ndege ukinzani zaidi wa hewa. Vibawa vya kushukia vilipanuliwa, breki za hewa zikaongezwa, ili rubani aje injini ikizunguka kwa kasi muda wote na nguvu iwe tayari akiihitaji. Faida iliyokuja nayo ni macho: bila injini puani, sitaha nzima inaonekana.

Mwaka 1945 huohuo, vita vilipoisha, alirusha Me 163 ya Wajerumani, ndege ya roketi yenye vimiminika viwili vinavyowaka vikigusana tu. Magurudumu yanaachwa wakati wa kupaa. Kutua ni kwa kuteleza juu ya mguu bapa, mara moja tu, kwa sababu mafuta yameshakwisha. Brown alizungumza Kijerumani vizuri, na Wajerumani walioihudumia aliweza kuwahoji mwenyewe bila mkalimani.

DH 108, ndege ya jeti ya majaribio isiyo na mkia wa mlalo, ilimuua rubani wa majaribio Geoffrey de Havilland mdogo tarehe 27 Septemba 1946. Zilitengenezwa tatu, na zote zilianguka na marubani wao. Brown alipewa kazi ya kuurudia mwendo uleule ili sababu ijulikane. Karibu na kasi ya sauti, pua ilianza kupiga juu na chini haraka mno, kidevu kikigonga kifua. Wenzake walimwita Winkle, yaani konokono mdogo wa baharini, kwa ufupi wake, na aliamini ufupi huo ndio uliomwokoa: kichwa cha mtu mrefu kingegonga paa la chumba cha rubani, na de Havilland alikutwa shingo imevunjika. Lakini ufupi peke yake haungetosha. Alivuta gesi na usukani nyuma kwa pamoja, taratibu, bila kupambana na mtikisiko, mpaka ndege ikatulia.