ISO 100 haikuokoi Tom Mboya saa moja jioni

Jumamosi iliyopita nilikuwa na wanafunzi wanne Barabara ya Tom Mboya, Nairobi, tukifanya mazoezi ya kuzipiga picha matatu zikipakia abiria. Giza letu huingia upesi, na saa moja zilibaki taa za maduka tu. Mmoja wao akanionyesha picha kumi na mbili, zote zimetikisika. Makanga, tuliyekwisha kumwomba ruhusa, hana uso. Nikaangalia kamera: tundu la lenzi f/2.8, shata (muda wa kupokea mwanga) 1/4 ya sekunde, ISO (kiwango cha kukuza mwanga ulioingia) 100.

"Mwalimu, si ISO ikipanda picha inaharibika?"

Swali hili nimelijibu mpaka nimechoka. Chengachenga, zile punje zinazoichafua picha, huletwa na uhaba wa mwanga. Mwanga hukifikia kihisi, yaani sehemu ya kamera inayoupokea, kama mvua: ya rasharasha huacha sakafu na madoa, huku pamelowa, pale pakavu, ya masika huilowesha yote sawasawa. ISO hukuza tu kilichokwisha kuingia. Ukipiga giza kwa ISO 100 ukaja kuling'arisha kwenye kompyuta, umekuza upungufu uleule, na kwa kamera nyingi chengachenga zitatoka sawa au kuzidi. Kutoka 100 hadi 3200 ni hatua tano, kila hatua ikizidisha mara mbili, na hatua tano zinakutoa 1/4 hadi 1/125. Chengachenga zinavumilika. Uso uliotikisika hauna dawa.

Kinachoniuma zaidi ni harusi. Kipima mwanga cha kamera huchukulia kila kitu kuwa kijivu cha kati, basi kikiona gauni jeupe limejaa fremu, kinapunguza mwanga, na nyuso za maharusi zinazama. Nyumbani mpiga picha anaziinua, chengachenga zinafurika mashavuni, halafu lawama inaangukia ISO. Au, vibaya zaidi, tunaambiwa ngozi nyeusi ni ngumu kupiga. Si kweli! Aliyekosea ni aliyepima gauni badala ya uso. Pima usoni, tena kivulini, maana jua la Nairobi la saa sita hukaa utosini na kuyatia macho giza. Nakiri kwamba juani huwezi kuokoa vyote viwili kila mara. Mimi huchagua uso. Kuna bibi harusi ambaye nakshi za gauni lake zilipotea kabisa kwa uamuzi huo, na mpaka leo sina hakika nilimtendea haki.

Kuhusu mpangilio: washa gridi ya theluthi, ile mistari inayogawa fremu mara tatu, ikuachishe kuweka kila kichwa katikati. Sijawahi kusadiki kwamba ndiyo inayoipa picha uzuri. Picha ya jengo la KICC ninayoipenda kuliko zangu zote ina mnara katikati kabisa. Chunga zaidi nguzo ya stima isichomoze kichwani mwa mtu.

Basi nikampandishia yule kijana hadi 3200. Chengachenga zilikuwepo, ndiyo. Lakini makanga anacheka, na noti alizozikunja katikati ya vidole unaweza kuzihesabu.