Mlango wa Nyumba Baada ya Zamu

Wanafunzi wa uuguzi niliowapa nasaha hapa Nairobi wakati wa Korona, wengi hawakuanza na habari za wadi. Walianza na mlango. Umetoka zamu, umevua viatu nje, sare umeitumbukiza moja kwa moja kwenye beseni la maji ya sabuni, na jirani mliyezoea kuanika nguo pamoja anamvuta mtoto wake ndani. Kisha mama anapiga simu kutoka mashambani: "Uko salama?" Unajibu, "Niko salama, mama." Ukishakata simu, machozi.

Vyuo vilifungwa Machi 2020, masomo yakahamia kwenye simu na bando. Waliporejea wadini, kafyu bado ilikuwepo. Iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021. Ile saa ya kukaa na wenzako baada ya zamu, mkinywa chai na kutoa ya moyoni, kafyu iliimeza. Naona hasara hiyo hatukuipa uzito wake.

Tunapopima msaada wa kijamii, yaani kuwa na watu wa kukushika mkono unapolemewa, idadi ya marafiki haitushughulishi sana. Dodoso moja linalotumika sana lina sentensi 12 tu, kuhusu familia, marafiki na yule mtu wako wa karibu, na linataka kujua kama wewe mwenyewe unahisi wapo ukiwahitaji. Mwenye hisia hiyo kwa kawaida hulemewa na wasiwasi na sonona kidogo kuliko asiyekuwa nayo. Ndiyo maana mtu huweza kuwa na jamaa tele na bado akawa mpweke.

Kwa hiyo mzazi, usiishie kwenye "uko salama?" Muulize leo amekula nini, amelala saa ngapi, alikuwa zamu na nani. Akinyamaza, nyamaza naye, usimkimbizie mahubiri. Nanyi wakufunzi wenzangu, mgonjwa wa kwanza kufia mikononi mwa mwanafunzi si jambo la kuandika kwenye faili na kupita. Mketishe dakika kumi. Mwite kwa jina lake. Muulize aliona nini.

Usingizi ukipotea, chakula kisipopanda na moyo ukakata tamaa kwa wiki mbili mfululizo, usiseme ni uchovu wa masomo. Mwone mshauri wa chuo, au piga 1199, simu ya bure ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya. Na mwenzako akitamka kwamba heri afe, usimwache peke yake chumbani hata kwa usiku mmoja. Mshike mkono mwende hospitalini pamoja, na ukae naye mpaka aitwe ndani.